Kibodi ya Tundu Kubwa

Vumbi likipata moto juu ya chombo cha umeme hutoa harufu nisiyoweza kuifananisha na nyingine. Nimeikuta katika nyumba za wageni za Mbeya na Mwanza, na kila mara hunirudisha Manyoni, sebuleni kwetu, mbele ya kompyuta ya baba.

Ilikuwa kuukuu tangu ilipofika. Baba, karani mstaafu, alipewa na ofisi yake ilipoletewa mpya. Aliitumia kwa kazi moja: kuandika majina ya ukoo kama bibi, mama yake, alivyomsimulia. Nani kamzaa nani, nani kazikwa wapi, nani alihama kwa njaa ipi. Mali bila daftari hupotea bila habari, alipenda kusema. Lakini alipomaliza kunakili, alinipa daftari lenyewe.

"Chukua, binti yangu, fungia karanga zako za kuuza stesheni. Maneno yamo kwenye mashine."

Nikalichana, nikasokota vikaratasi. Abiria wa treni wakala karanga, na wazee wetu wakaenda Tabora wakiwa na chumvi.

Bibi alikufa masika yale. Haukupita muda, kibodi nayo ikafa. Ukiwasha kompyuta inalia mara moja, kisha inaandika kwa Kiingereza kwamba haioni kibodi, bonyeza kitufe ili uendelee. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Baba hakucheka.

Kaka yake, baba mkubwa, akaja kutoka Itigi kuulizia kitabu cha ukoo.

"Kimo kwenye mashine," baba alimjibu.

"Basi kitoe."

Kibodi mpya kutoka Dodoma ilikuja na plagi ndogo. Tundu la mashine lilikuwa kubwa, la kizamani. Tulitafuta kiunganishi wiki tatu. Kikaingia, taa za kibodi zikawaka, mashine ikaandika yaleyale. Fundi tuliyemwita alichomoa, akapuliza, akachomeka tena.

"Mzee, hawa hawaelewani. Huyu kazaliwa juzi, huyu wa enzi ya mkoloni."

"Wangapi hawaelewani na wanaishi?" mama akasema kutoka jikoni.

Kwa miaka baba aliijaribu kila Jumamosi, akibonyeza kitufe kimoja kimoja. Nilidhani anaipenda mashine. Sikujua kwamba hakuwa na la kumwambia kaka yake. Tulipoezeka nyumba upya, mama aliiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Nilikuwa nimeshapita miaka thelathini nilipomwona fundi mmoja wa Singida mjini akifungua kompyuta iliyokufa. Alitoa kisanduku cha chuma kinachotunza kumbukumbu zote, akakiunganisha kwenye nyingine, na picha zote za harusi ya mteja zikatokea. Kibodi ya ile iliyokufa hakuigusa. Kumbe ilikuwa kazi ya skrubu nne.

Nilifika nyumbani jioni ile, nikamkuta baba kibarazani. Nikamwamkia.

"Marahaba. Nilikuwa naiwaza ile mashine," alisema. "Ilitukatalia. Lakini tulijaribu yote, sivyo?"

"Yote, baba," nikamjibu.