Leo Umejitwisha Nini?

Esteria ana miguu mikubwa kuliko mwanamke yeyote kati ya Soni na Magamba. Mwaka fulani alivua kandambili zake kando ya kijito ili afue, mvua ikaja, maji yakaondoka na moja. Siku ya tatu tukasikia watu wa Mombo wameigeuza daraja, mbuzi wanapita juu yake wawili wawili. Hilo la mbuzi nimeongeza. Miguu ni kweli, na waliomwona watanishuhudia.

Miguu hiyo aliipata kwa kubeba. Tangu akiwa msichana mdogo alijitwisha kabichi kutoka kwao juu mpaka sokoni Soni, mara mbili kwa juma. Kwao ni Walutheri, watu wa kulima na kuimba kwaya. Alipofika miaka kumi na minane, mama yake akapata saratani ya kizazi. Wageni wakawa wanakuja kumtazama. "Hujambo, mama?" "Sijambo kabisa, karibuni chai." Wageni wakitoka, mama anarudi kutafuna pindo la kanga yake. Ndivyo tunavyolelewa huku kwetu. Mgeni hapewi habari za maumivu, maana ukimwambia unaumia ni kama unawasengenya wanaokutunza.

"Mama alikufa hajambo," Esteria aliniambia siku moja huku anakamua tambara la deki. Hakucheka. Na mimi, ambaye hucheka hata mazikoni, sikucheka.

Baada ya mama yake kuzikwa alienda kupiga deki hospitalini. Manesi wakaona anavyojua kumgeuza mgonjwa bila kumtonesha, wakamfundisha, akasoma, akapata cheti. Miaka saba iliyopita wazee wa kanisa na wa msikiti hapa kwetu walikubaliana jambo moja, la kwanza tangu nizaliwe. Walimpa Esteria nyumba ya zamani ya meneja wa mashine ya mbao, vyumba vinne, ili watu ambao hospitali imemaliza nao wakae humo wasiteseke. Daktari huja kila Alhamisi. Siku nyingine zote ni Esteria.

Mimi nilifika pale kwa ajili ya mke mwenzangu. Marehemu Hashimu alinioa mimi kwanza, halafu akashuka Mazinde kuuza matunda damu, akarudi tenga likiwa tupu na Mwanahamisi nyuma yake. Siku ile nilimwaga maji ya vyombo, yakamfika miguuni. Miaka mitatu sikumsemesha. Mwaka wa nne nikamsemesha kwa kumtukana, naye akanirudishia, ndipo tukaanza kupatana. Hashimu alipofariki watu walidhani tutagawana nyumba. Tukabaki mle mle, tunagombania chumvi, mpaka uvimbe wa titi ulipomwingia mifupani.

Tulipofika, Esteria hakumuuliza kama hajambo. Jibu alikuwa analijua. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono, akasema, "Mama, leo umejitwisha nini?"

Mwanahamisi akafikiri. Hakuna aliyemfundisha adabu ya kujibu swali kama hilo, kwa hiyo akajibu kweli. "Tenga la nyanya. Na ngata imeteleza."

Hivyo ndivyo maumivu yalivyopimwa katika nyumba ile. Mepesi kabisa ni kikapu cha mnavu. Halafu ndoo ya maji, tenga la nyanya, gunia la viazi. Juu ya yote ni lumbesa, lile gunia wachuuzi wanalolijaza mpaka linavishwa kilemba. Mimi darasa langu ni ngumbaru tu, lakini daftari la Esteria nilikuwa nalisoma: "Mwanahamisi, saa nne, ndoo." Kwa mizigo hiyo yeye na daktari waliongeza au kupunguza mofini ya maji, ile dawa inayotiwa mdomoni kwa bomba lisilo na sindano. Mzee Sefania wa chumba cha pili, aliyepasua mbao maisha yake yote, alikataa kujitwisha. "Mimi mwanamume, hubeba begani!" Akatengenezewa mizigo yake: fito, ubao, gogo.

Mwezi wa sita ofisi inayotoa dawa ikamtuma mkaguzi aje atazame kama wagonjwa wanatunzwa vizuri. Jina lake Loveness, binti mwembamba mwenye miwani na viatu vyeupe ambavyo udongo wetu ulivipenda mara moja. Alikuwa na adabu nyingi, na balaa lilianzia hapo. Angekuja na jeuri tungemweleza yote. Binti anayekunja goti mbele yako, utamwambiaje unaumia?

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Mwanahamisi. "Wazazi hawajambo?"

"Hawajambo. Bibi, tuhesabu kuanzia sifuri mpaka kumi. Sifuri ni kwamba huumwi kabisa, kumi ni maumivu yasiyovumilika. Leo una ngapi?"

"Sifuri, mwanangu. Umepewa chai?"

Kwa Mzee Sefania mambo yakawa hivi.

"Kumi!" akasema mzee.

"Kumi, babu?"

"Kumi zote, andika. Esteria ni mtoto mzuri. Karatasi yako ingekuwa na kumi na moja ningempa."

"Babu, nauliza maumivu. Sio alama za Esteria."

"Ala! Maumivu sifuri. Hizo kumi usimnyang'anye."

Nikaona mambo yanaharibika, nikaamua kusaidia. Hapo nilikosea. Loveness aliponiuliza, kama ndugu wa mgonjwa, huduma naionaje, nikamwambia Mwanahamisi aliingia mwepesi kama unyoya, juma la pili akanenepa mpaka kitanda kikapiga magoti. Nikamweleza na jogoo aliyedonoa uji uliobaki kikombeni, tangu siku hiyo anawika kwa Kijerumani. Binti akafunika kalamu yake. "Asante, bibi."

Akaenda kwenye kabati la dawa, mimi nyuma yake kama mkia.

"Dada Esteria," akasema taratibu, "chupa hizi ni nyingi. Una wagonjwa wanne, na wote wanne wameniambia sifuri. Niandike nini? Ofisi itasema dawa kali inapewa watu wasioumwa. Wataipeleka kwingine."

"Wamesema sifuri kwa sababu wewe ni mgeni."

"Kila ninapokwenda nakuta sababu, dada." Hakusema kwa ubaya. Akaanza kuzipanga chupa mezani na kuzilinganisha na daftari, moja moja, na mpaka amalize hakuna wa kugusa kitu.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika chache. Saa nne ndiyo dozi ya Mwanahamisi.

"Kuna mgonjwa wa saa nne," akasema Esteria.

"Dakika tano, dada. Si wamesema hawaumwi?"

Esteria akanyamaza. Mwanamke yule aliyewahi kumzuia shehe mlangoni mpaka anawe mikono, alinyamaza kwa sababu ya mgeni. Nimemjua muda mrefu na hilo ndilo kosa pekee nililoliona kwake. Naliandika hapa kwa sababu yeye mwenyewe angetaka liandikwe.

Dakika tano zikazaa nyingine. Saa nne na nusu nikarudi chumbani. Mwanahamisi alikuwa ameelekeza uso mlangoni, anatabasamu, endapo mgeni atapita. Nimeishi na tabasamu lile miaka arobaini na sita. Ndilo alilokuja nalo siku nilipommwagia maji ya vyombo. Pindo la kanga lilikuwa ngumini mwake, limelowa, lina alama za meno.

"Nakwenda kumwambia," nikasema.

"Thubutu!"

"Unaumia, wewe."

"Ataandika Esteria hatutunzi. Watamfungia nyumba. Nyamaza, mwongo mkubwa."

"Na ukisema huumwi wanaichukua dawa. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Masikio yako nayo ni waongo," akasema, akafumba macho, na jasho likamtoka juu ya mdomo.

Nikaenda. Nikasimama mbele ya binti na chupa zake, nikasema maneno machache kuliko yote niliyowahi kusema. "Mwanangu, mwenzangu anaumia."

Loveness akaniangalia kwa huruma. "Kama yule jogoo, bibi?"

Basi. Miaka sabini na mitano nimetia chumvi kila kitu kwa raha zangu, na siku niliyotaka kuaminiwa sikuwa na neno lisilo na chumvi. Nikamshika Esteria mkono wa gauni. "Mimi msiniamini. Muulize yeye. Muulize unavyomuulizaga."

Esteria akaniangalia usoni, na rangi ikambadilika. Akatoka kwa hatua zake ndefu. Loveness akafuata, daftari mkononi. Esteria akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, leo umejitwisha nini?"

Mwanahamisi akafumbua macho. "Mgeni yupo."

"Ninajua yupo."

"Sijambo, mwanangu."

"Mama yangu aliniambia hivyo hivyo mpaka siku tuliyomzika," akasema Esteria. "Wewe nijibu."

Mwanahamisi alimtazama mgeni, akanitazama mimi, na lile tabasamu likamtoka polepole kama mtu anayevua nguo ya sikukuu.

"Lumbesa," akasema. "Tangu saa nne. Na njia yenyewe ni ya kupanda."

Kumbe Loveness ni mtoto wa Njombe, kwao ni viazi mtindo mmoja. Lumbesa hakuhitaji kuelezwa. Daftari aliliacha juu ya miguu ya mgonjwa, akakimbia na viatu vyake vyeupe, akarudi na chupa na bomba. Akamkabidhi Esteria, naye akatia dawa mdomoni.

Kisha akakaa. Hakuna aliyemwambia akae. Alichukua kiti, akauchukua na mkono wa Mwanahamisi, akasubiri. Baada ya muda akauliza, "Sasa je, bibi?"

"Gunia. Kilemba kimetoka."

Baadaye tena. "Tenga." Na kabla ya saa sita, "Ndoo. Wala haijajaa. Na wewe mpaka sasa hujanywa chai, utamwambiaje mama yako ulipita huku?"

Loveness alikunywa chai huku analia ndani ya kikombe. Halafu akaanza upya chumba kwa chumba, bila sifuri wala kumi.

"Babu, leo umebeba nini begani?"

"Gogo bichi, binti," akasema Mzee Sefania, "na mwenzangu ameachia upande wake."

Jioni alitusomea alichoandika. Aliandika kwamba katika nyumba hii maumivu yanaulizwa kwa namna ambayo wagonjwa wanaweza kuijibu, na kwamba dawa yote imeonekana mahali pake. Aliandika pia kwamba mgonjwa mmoja alicheleweshewa dozi kwa sababu ya mkaguzi mwenyewe.

"Umeandika lako," akasema Esteria. "Andika na langu. Mhudumu alijua saa imefika, akanyamaza."

"Dada, hilo litakupunguzia alama."

"Lipunguze."

Likaandikwa. Dawa haikupunguzwa hata chupa moja. Ofisi ikaleta barua ya kutaka wahudumu wasione haya mbele ya wageni, Esteria akaibandika ndani ya mlango wa kabati.

Mwanahamisi aliishi miezi mitatu zaidi. Siku nyingi zilikuwa ndoo, nyingine kikapu cha mnavu, na kuna juma zima alilokuwa mwepesi mpaka akanisuta kwamba ugali wangu wa bada una madonge. Siku ya mwisho ilikuwa alasiri, ukungu umefika dirishani. Esteria akapiga magoti, akauliza swali lake.

"Sina kitu," akasema Mwanahamisi kwa sauti ndogo. Akaninyooshea kidevu. "Nimemtwisha huyu."

"Mwizi wewe," nikamwambia. "Tangu uje kwangu kazi yako ndiyo hiyo."

Akacheka, kicheko cha puani tu. Kabla ya adhana ya magharibi alikuwa ameondoka, na pindo la kanga yake lilikuwa kavu.

Baada ya hitima nilirudi nyumbani kwetu. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, maharage hayasubiri mtu. Siku moja nikiwa shambani nikasikia ardhi inatikisika, ndege wote wa bonde wakaruka. Nikajua ni miguu ya nani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umewaacha na nani wagonjwa?"

"Leo Alhamisi, daktari yupo." Alisimama pembeni ya tuta, ananiangalia. Hakuuliza kama sijambo. "Mama, leo umejitwisha nini?"

"Mimi? Kikapu kitupu," nikasema. "Kitupu kabisa. Tena asubuhi upepo ulitaka kukichukua, nikaufukuza mpaka Mombo, nikaukamata kwenye stendi."

Esteria akavua kandambili zake, akaziweka vizuri pembeni. Akachukua jembe la Mwanahamisi, lililokuwa limeegemea mgomba tangu masika, akaingia kwenye tuta lililo sambamba na langu. Tukalima mpaka jua likageuka. Hakuuliza tena, nami nikalia nilivyotaka.