Mzigo wa Saa Sita Mchana

Mama Futi alikuwa fundi cherehani, na futi yake ya kupimia ilikaa shingoni tangu alipofungua duka mpaka alipolifunga. Kama angepima na kunyamaza, leo tusingekuwa na la kusimulia. Lakini yeye alipima na kutoa maoni. "Hapa pameongezeka," humwambia mteja mbele ya watu. Au, "Bega hili limelala upande, unabeba nini?" Watu walimvumilia kwa sababu mkono wake ulikuwa mzuri, na kola aliyoshona yeye haikujikunja hata ifuliwe vipi. Ulimi ndio haukuwa na mfupa.

Ulimi huohuo ulikuwa umemfukuzia mwanawe wachumba wawili. Wa kwanza alimhoji mpaka maskini akasahau shule aliyosoma. Wa pili alimpima gauni la sherehe, akarudi nyuma hatua kadhaa kumtazama vizuri, akasema, "Mwanangu, kiuno hiki na mabega haya havikushauriana." Msichana alicheka kwa adabu, akaaga, na gauni halikuja kuchukuliwa. Mwanawe, ambaye ndiye mtoto wake wa pekee, hakugombana naye. Alipata kazi ng'ambo kwenye karakana ya majokofu, akaenda zake, na miaka yote tangu hapo akiulizwa habari za kuoa hujibu, "Mama, naishi peke yangu na niko sawa."

Peke yake, haya. Lakini kwenye simu sufuria ilisikika ikifunikwa, naye kijana yuko katikati ya sentensi. "Nani huyo?" "Redio, mama." Jumapili nyingine mtu alikohoa. "Redio imepata mafua?" aliuliza Mama Futi, na mwanawe akasema mtandao unasumbua, akakata. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na sidhani walikuwa wakizungumzia redio.

Kudanganywa hakukumuuma sana. Yeye mwenyewe huwaambia wateja "njoo kesho" wakati kitambaa hata hakijakatwa. Kilichomuuma ni kuwekwa nje ya mlango. Mumewe alishatangulia mbele ya haki, na nyumbani walibaki wawili tu, yeye na mdogo wake wa kike aliyemsaidia dukani kushona vifungo. Ikiwa huko ng'ambo kuna mtu anayeitwa mkwe, Mama Futi alitaka kumjua kabla macho hayajakataa kuingiza uzi kwenye sindano.

Dawa aliletewa na mteja. Karani wa kampuni ya kusafirisha vifurushi nchi za nje alikuja kubadilisha zipu ya sketi, na katika kusubiri akaeleza kazi yake: siku hizi mzigo unafikishwa mpaka mlangoni, mtumaji anachagua asubuhi, mchana au jioni, na dereva lazima aukabidhi kwa mtu na kupiga picha kama ushahidi.

Mama Futi aliacha kukanyaga cherehani. "Na mwenyewe akiwa kazini?"

"Tunaandika 'mpokeaji hakuwepo', mama. Tunajaribu tena kesho yake."

"Na kama mwenyewe yuko kazini, lakini ndani kuna mtu?"

"Huyo mtu anapokea."

"Unaona," Mama Futi alimwambia mdogo wake, "elimu haina mwisho."

Alimshonea mwanawe shati la mikono mirefu. Akalikunja, akalitia kwenye boksi alilolitengeneza mwenyewe kwa katoni ya nyuzi, akalifunga kwa gundi ya karatasi pande zote. Ofisini kwa karani, penye mizani na kiyoyozi cha kugandisha watu, aliulizwa mzigo ufike saa ngapi. "Saa sita mchana," alisema kwa upole. Saa sita mchana mwanawe huwa kichwa ndani ya jokofu la mtu.

Tangu siku ile simu yake ya kioo chenye ufa haikupumzika. Mzigo umepokelewa kituoni. Mzigo umeondoka. Mzigo umefika mji ambao yeye na mdogo wake hawakuwahi kuusikia, ukalala huko. Kisha ukaingia forodhani ukakwama, na Mama Futi akawa mkali kwa kila aliyeingia dukani.

"Shati tu," alilalamika. "Wanatafuta nini kwenye shati?"

"Labda wamesikia habari zako," alisema mdogo wake, na kifungo mdomoni. "Dada, si umuulize tu mwanao?"

"Nimemuuliza. Amenijibu redio."

Hatimaye mzigo ukatoka forodhani, na siku ya pili yake simu ikaleta maneno mawili: Mpokeaji hakuwepo. Mama Futi aliyasoma, akamwomba mdogo wake ayasome, halafu akakaa. Maana yake mwana alisema kweli. Hakuna mtu, ni redio. Alikuwa ametega mtego akitamani kwa moyo wote mwanawe awe mwongo, na sasa mwana ni mkweli na anakula peke yake. Siku hiyo hakutoa maoni juu ya mwili wa mteja yeyote, na wateja walidhani anaumwa.

Kesho yake mchana simu ililia tena. Umepokelewa. Kuna picha.

Duka lilifungwa mteja mmoja akiwa bado ndani. Ilibidi Mama Futi arudi kumfungulia. Kisha akaenda moja kwa moja kwa karani, kwa kuwa kioo cha simu yake kilipitisha ufa katikati ya picha. Kwenye kompyuta ya ofisi ikaonekana vizuri. Boksi lake limewekwa kizingitini. Nyuma ya boksi, miguu miwili midogo isiyo na viatu, magoti, na pindo la gauni la njano. Juu ya magoti dereva alikuwa amekata picha.

Karani alifunika mdomo. "Mama, hongera, una mjukuu."

Mama Futi alikuwa ameitoa futi shingoni. "Ikuze hiyo picha," alisema. "Kuza. Kuza tena. Hapo, usiguse kitu." Boksi alilipima mwenyewe kabla ya kulifunga, kwa hiyo lilipofikia kimo chake halisi kwenye kioo cha kompyuta, mtoto naye alikuwa amefikia kimo chake halisi. Akamsogelea, akampima unyayo, akampima kutoka sakafuni mpaka gotini. Wateja wengine walisimama na vifurushi vyao wakimtazama mwanamke mtu mzima akipima kompyuta.

"Amemchukua baba yake," alisema. "Miguu mirefu." Kisha sauti ikabadilika. "Hebu niangalie hapo. Pindo limefumuka. Wamelishika kwa pini. Mjukuu wangu anatembea na pini."

Jioni mwana alipiga simu. "Mama, shati limefika. Limenikaa vizuri sana."

"Ulilipokea mwenyewe, baba?"

"Kwa mkono wangu, mama."

"Saa sita mchana?"

"Leo nilikuwa mapumziko."

"Mungu akuzidishie mapumziko," alisema Mama Futi, akamtakia usiku mwema. Mdogo wake alimwangalia kama anayetazama jogoo asiyewika. Tangu azaliwe hakuwahi kumwona dada yake akiwa na la kusema na asiliseme.

Gauni alilishona kwa siku chache, la kitambaa cha maua madogo, marinda mbele, na pindo akaliachia akiba nene ndani ili lirefushwe mtoto akirefuka. Hakutia barua. Akarudi kwa karani.

"Jina la mpokeaji, mama?"

"Silijui."

"Mashine haikubali pasipo jina."

"Basi andika Mwenye Pindo."

Karani aliandika Mwenye Pindo, mashine ikakubali, na mzigo ukaenda. Safari hii forodha hawakuuzuia. Ukafika, ukapokelewa, picha ikaja: boksi, kizingiti, na mlango uliofunguliwa upenyo tu. Hakuna mguu.

Jumapili simu ya mwana haikulia. Wala Jumapili iliyofuata. Mama Futi akipiga, inaita mpaka inachoka.

"Umechokoza nyuki, dada," alisema mdogo wake, lakini bila kucheka.

"Nilitaka kumsaidia mtoto na pini."

"Ulitaka kuwaonyesha kwamba umewakamata."

Ilikuwa kweli. Mama Futi alilia pale pale juu ya cherehani, hadharani, naye hakuwa mtu wa kulia, akasema kwamba amewapoteza wote kwa mpigo mmoja: mwana, mkwe, na mtoto ambaye hata uso hajauona. Mdogo wake alisogeza kitambaa cheupe cha mteja kisilowe, kisha akamshika bega.

Walipokuwa hivyo simu ikaleta ujumbe: mzigo wako umeondoka. Mama Futi alijua ni nini. Gauni linarudishwa. Alikwenda ofisini taratibu, kama mtu anayekwenda kuchukua majibu ya hospitali.

Karani alibonyeza, akasogeza uso karibu na kioo. "Haurudishwi, mama. Hii ni namba mpya, unatoka kule kuja kwako. Kilichomo: nguo zilizotumika, za mtoto." Akaanza kutabasamu. "Mtumaji: Mwenye Pindo."

Huo mzigo wa mwisho aliufuatilia vibaya. Alimpigia karani asubuhi, akampigia mchana, na ulipolala kwenye ule mji wasioujua aliuombea dua. Siku ulipofika alitia sahihi bila kusoma, akaupasua juu ya meza ya kukatia. Gauni la njano lilikuwa juu kabisa, na pini yake. Chini yake suruali ndogo iliyochanika matakoni ikatiwa kiraka, fulana iliyoachia kwapa, sketi yenye mshono wa uzi mweusi juu ya kitambaa cheupe. Kila kilichowahi kuraruka nyumba ile kilikuwa kimeletwa kwa ndege.

Simu ililia hata kabla hajazimaliza nguo. Namba ya ng'ambo, sauti ya kike.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama Futi alikaa chini. "Marahaba, mwanangu."

"Ni mimi redio," ilisema sauti. "Nguo zimefika?"

"Zimefika. Ziko hapa mbele yangu."

"Mwanao..." Sauti ilijicheka. "Mume wangu aliniambia hatanileta kwako, kwa sababu mama yake hana siri na mshono wa mtu wala na mwili wa mtu. Amenionya miaka yote. Sasa nataka nijue mwenyewe. Hivyo viraka nilishona mimi. Unavionaje?"

Mama Futi alitazama viraka. Alitazama uzi mweusi uliopita kwenye kitambaa cheupe kama siafu waliopotea. Palikuwa na mshono mmoja ulioanza kwapani ukaishia tumboni, na hakuna aliyeweza kueleza ulikuwa ukienda wapi. Mdogo wake alisimama mlangoni, amekishika kifungo. Mama Futi aliiweka sawa futi shingoni.

"Umejitahidi, mwanangu," alisema.

Mwanamke yule upande wa pili akaanza kucheka, akacheka mpaka simu ikakwaruza, na nyuma yake mtoto naye akacheka bila kujua kwa nini.

"Mama," alisema alipopata pumzi, "unadanganya vibaya kuliko mwanao. Niambie ukweli."

"Una hakika?"

"Sema."

Basi Mama Futi akavuta kiti karibu na meza, akaichukua ile fulana, akaanzia kwapani. Alisema mengi, na hakuyapunguza makali. Kila alipositasita akidhani amekatiwa simu, sauti ilijibu kutoka ng'ambo:

"Endelea, mama. Nimeshika sindano."