Siku Niliyokataa Kumimina Uji

Mjukuu wangu ana jina langu. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya yake mzaa baba, na hakuna anayekuuliza kama unataka. Kwa hivyo alipoenda chuo kikuu pale Embu kusomea shahada ya pili, wanawake wa soko la Githongo walinitania eti nimerudi shule uzeeni. Niliwajibu ndiyo, na mara hii hakuna wa kunitoa. Ile ya kwanza nilitolewa darasa la tatu nikalee ndugu zangu.

Alikuwa anasomea falsafa ya elimu. Jirani akataka kujua hiyo ni kazi ya wapi. Nikamwambia ni kuuliza kama mtu aliyefundishwa amejifunza kweli, au amezoea tu kuogopa kiboko. Hivyo ndivyo nilivyoielewa mimi, na sijawahi kusahihishwa. Kila likizo msichana alinifuata kwenye kahawa, mikono inachuma, mdomo unauliza.

"Shosho, mlipomjibu mwalimu, mlijua mnachojibu?"

"Tulijibu wote pamoja, kwa sauti. Nani angejua nani hajui?"

"Na ukiuliza kwa nini?"

"Unapigwa. Chuma na huko juu, wewe ni mrefu."

Halafu akapata mchumba, kijana mwalimu kutoka Siakago, na watu wa kijana wakakubaliwa waje Jumamosi. Kwetu posa hukamilishwa kwa uji wa wimbi. Wageni huja nao kwenye kibuyu, na msichana mwenyewe humimina kikombe cha kwanza akampa baba yake. Akimimina, amekubali. Asipomimina, watu hula chakula wakaenda kwao.

Wiki ile ile chuo kikasogeza siku yake ya kutetea tasnifu, yaani kusimama mbele ya walimu wakubwa na kuulizwa juu ya kazi yote aliyoandika. Wakaiweka Jumamosi hiyo hiyo mchana. Akikosa, angengoja mwaka mwingine.

Mwanangu, baba wa msichana, alisema aache. "Mama, walimu watakuwapo mwaka ujao. Wakwe wakikasirika hawarudi."

"Mkwe wa kukasirika kwa sababu msichana yuko shule, acha akasirike mapema tumwone."

Nikamwambia mjukuu aende, wageni aniachie mimi.

Wakafika saa sita. Mgeni wa posa haingii hivi hivi, huimba nje ya lango hadi wanawake wa boma waridhike, na siku hiyo wa kuridhika nilikuwa mimi. Wakaimba. Nikasema wimbo huo ni wa kanisani na hapa hakuna sadaka. Wakaimba mwingine. Nikasema wanaume hawaimbi, wananong'ona. Msemaji wao, mzee mwenye kofia ya manyoya, akachungulia juu ya lango.

"Mama, bibi arusi wetu yuko ndani kweli?"

"Wewe imba. Utafungua posa na koo baridi?"

Nilipofungua, jua lilikuwa limepinda. Tukawapa mukimo na nyama, tukawaongeza, tukawaongeza tena. Lakini mgeni ana mwisho wa kula. Kibuyu kikaletwa katikati. Nikawaambia wazi msichana yuko Embu anaulizwa maswali na walimu wake, na akimaliza atakuja.

Mzee wa kofia akacheka. "Si nasikia jina ni moja? Basi wewe mimina tumalize. Tutarudi na bibi arusi mzee, lakini tutarudi na mtu."

Watu wakacheka. Mwanangu hakucheka. Akaniinamia. "Mama, mimina. Ni jina lako. Jua linazama, watu hawa wanatoka mbali."

Alikuwa anaomba, na si mtu wa kuomba. Niliona pia wageni wawili wakitafuta makoti yao. Wakiondoka hivyo, hawarudi, hilo nililijua. Nikashika kibuyu, nikakiweka karibu na miguu yangu.

"Jina ni langu," nikasema. "Neno ndiyo ni lake. Mimi nilijibiwa na wengine maisha yangu yote. Simjibii mtu."

Hapo kijana mwenyewe akavuta kiti chake karibu na kibuyu. "Mimi nangoja," akasema. Wale wawili wakatazamana, wakaweka makoti chini.

Msichana alifika tukiwasha taa, viatu mkononi, sauti imekwisha. Baba yake akamuuliza wamesemaje.

"Nimepita. Kuna ya kurekebisha."

Hakukaa. Akatazama kibuyu, akamtazama kijana. "Kabla sijamimina. Nikitaka kuendelea na ile shahada ya tatu?"

Mzee wa kofia akanigeukia. "Mama, huyu ndiye mliyemfundisha hivi?"

"Muulize yeye. Ndiyo kazi aliyosomea."

Kijana akasema, "Utaendelea. Lakini kupika tutagawana, mimi napika vibaya."

"Nitakula hivyo hivyo," akasema msichana.

Akamimina. Kikombe cha kwanza ni cha baba, kila mtu anajua. Yeye akanipa mimi. Mwanangu akafungua mdomo, nikamtazama, akaufunga.

Uji ulikuwa umepoa na kushikana. Niliunywa wote, nikarudisha kikombe, nikamwambia sasa mpe baba yako, amengoja sana.