Tende Tatu za Mitwalli

Mume wangu Fikri alipigana vita baharini, lakini mwulize habari za vita, atakueleza habari za dengu. Dengu za melini zilikuwa chumvi tupu, basi. Miaka thelathini niko naye hapa Aleksandria, na hizo dengu zimenichosha kuliko mama mkwe.

Habari nyingine anayo moja tu, na huisema kwa sauti ileile ya kuagiza mkate. Ilikuwa Ramadhani. Yeye na rafiki yake Mitwalli walikuwa zamu juu, wakiangalia bahari. Desturi ya meli yao, jua likizama mmoja anashuka kufuturu upesi, na akirudi anamletea mwenzake tende tatu. Fikri akashuka. Meli ikapigwa, na Mitwalli hakuonekana tena.

"Alikuwa keshafungua," humwambia Dawlat, dada yake Mitwalli, ambaye kila Ramadhani huja kufuturu kwetu siku moja. "Nilimpelekea tende zake, akala."

Na siku hiyo Fikri hutenga tende tatu kwenye kisahani, haziliwi. Nikiuliza, ananijibu, "Ziache." Naziacha. Mume gani huyu, kulia halii, kucheka hacheki.

Mwaka huu Dawlat alikuja amekwisha kwa maradhi, nikampandisha ngazi kwa kumshika mkono.

"Kaka Fikri," akasema, "mimi ndio naondoka hivyo. Niambie kweli. Mama alikufa akiomba mwanawe awe amekufa na saumu yake, hajafuturu, na mimi naomba hivyo hivyo. Wewe kila mwaka unaniambia alikula."

Fikri akakitazama kisahani. Nilijua sasa zinakuja dengu.

"Hakula," akasema. "Nilikawia kule chini, nikaongeza glasi ya pili ya juisi. Tende zake nilizikuta mfukoni mwangu, hospitali."

"Glasi ya pili."

"Ya aprikoti. Ilikuwa baridi."

Nilitamani kumziba mdomo kwa aibu. Adhana ikaadhiniwa. Dawlat akakivuta kile kisahani, akaomba dua, akala tende zote tatu taratibu, sisi tunamwangalia. Kisha akaziweka kokwa kwenye kiganja cha mume wangu.

"Zimefika," akasema. "Ila umechelewa, kaka."

Fikri akazitia mfukoni, akaniuliza kama dengu zimeiva.