Wazee Waliokuja na Habari Njema

Hasira zangu zinajulikana. Wauguzi niliofanya nao kazi Ngara wakinikumbuka, hawanikumbuki kwa sindano, wananikumbuka kwa mdomo. Lakini siku ninayotaka kuieleza, mdomo wenyewe ulinikauka. Nimestaafu sasa, nalima maharage yangu kwetu Nyabusozi, na bado siku ile ikinirudia naacha jembe na kusimama.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Hospitali yetu ilikuwa ndogo, juu ya kilima, imejengwa kwa ajili ya wakulima wa vijiji vya jirani, na ghafla ikajaa watu waliovuka mpaka. Wodi zilizidiwa, wengine wakalala sakafuni kati ya vitanda. Wagonjwa mahututi tuliwatengea chumba chenye vitanda viwili, karibu na meza ya wauguzi. Humo mlikuwa na mashine moja ya oksijeni iliyotegemea jenereta, na jenereta ilitegemea rehema za Mungu. Vile vioo vinavyoonyesha mapigo ya moyo tulikuwa tunavisikia tu. Ulishika kifundo cha mkono wa mgonjwa, ukatazama saa yako, ukahesabu.

Kitanda cha dirishani kilikuwa cha mama mmoja mkimbizi wa rika langu. Daktari alisema valvu ya moyo wake iliharibika tangu utotoni, kwa homa ambayo hakuna aliyeitibu. Kwa moyo huo alitembea kutoka kwao mpaka kwetu, porini na kwenye mvua. Alipofikishwa, miguu ilikuwa imevimba hivi kwamba ukibonyeza kidole shimo linabaki, na uso umejaa hata macho hayafunguki vizuri. Kulala chali hakuweza kabisa, maji yalimpanda kifuani akawa anazama kitandani pakavu. Tuliinua kichwa cha kitanda kwa matofali, tukamwegemeza kwenye blanketi zilizokunjwa, na hivyo ndivyo alivyolala usiku na mchana, amekaa.

Aliniambia yake yote mara moja tu, nikimwosha. Mumewe aliuawa njiani, yeye akiona. Watu walikuwa wanakimbia, akakimbia. Kwenye daraja, katika msukumano, mkono wa binti yake wa pekee ukamponyoka. Alikuwa mtoto mdogo, ndiyo kwanza ameanza kusema maneno yote. Aliyasema hayo kama mtu anayekuelekeza njia ya sokoni, hakudondosha chozi. Mimi ni Msubi, lugha yake naisikia bila mkalimani, na nilitamani siku hiyo nisingeisikia.

Daktari aliacha amri moja juu ya mama huyo: asishtuliwe. Tuliishika kama amri ya kanisani. Hakuna kulia chumbani, hakuna habari za kambini, hakuna kuuliza nani kaonekana na nani hajaonekana. Mlangoni nilisimama mimi. Mgeni akija na macho mekundu namgeuza, hata awe nani. Walisema nina roho mbaya, nikawaambia roho mbaya yangu inampa yeye pumzi.

Kisha mtoto akapatikana.

Watu wa shirika lililokuwa likitafuta watoto waliopotea walimkuta katika kituo kimoja upande wa Biharamulo. Walibandika picha yake, mtu wa kwao akamtambua, wakafuatilia mpaka kwetu. Mfanyakazi wao aliniletea ile picha mezani. Jamani, niliitazama nikaipokonya mkononi mwake. Nikainuka kwenda chumbani, na matroni akanidaka mkono wa gauni.

"Unataka kumuua?" akaniambia. "Furaha nayo ni mshtuko."

Matroni alikuwa Mhangaza, mama wa makamo, mtulivu kama mimi nisivyo. Daktari naye akasema vivyo hivyo: aambiwe, lakini taratibu. Na nani anajua kumwambia mtu jambo zito taratibu? Hapo sote, kwa kinywa kimoja, tukasema wazee.

Ni lazima nieleze desturi hii, maana vijana wa simu za mkononi hawaijui vizuri. Kwetu habari ya kifo haiji na mtu mmoja, wala haitamkwi mlangoni. Wanakuja watu wazima, wawili au watatu, wamevaa vizuri. Wanasalimia kwa kirefu. Wanauliza umekula. Mmoja wao, mara nyingi mwanamke, anakaa ubavuni mwako, tayari kukudaka. Kisha mkubwa wao anaanzia mbali, kwenye mvua na mazao, anakuja polepole, anasema fulani alikuwa anaumwa, na ukifika mwisho tayari umeshajua. Tuna neno letu la kazi hiyo, kubika. Ni kazi ya heshima. Mtu aliyebikiwa vizuri analia vizuri.

Basi tukaagiza kambini waje wazee wa kilima cha kwao, wanaume wawili na bibi mmoja. Tuliwapanga kwa akili zetu zote. Mtoto angebaki jikoni na yule mfanyakazi wa shirika, aitwe baadaye. Matroni asimame kwenye mashine ya oksijeni. Mimi nikae karibu na sindano ya kutoa maji mwilini, imeshavutwa dawa, ikiwa moyo utakorofisha. Tulijiona wajanja. Mhangaza, Msubi, daktari mwenye digrii na wazee watatu, hakuna hata mmoja wetu aliyeona tunachokifanya.

Waliingia baada ya uji wa asubuhi. Wazee walikuwa wamefua, mmoja amevaa koti. Niliwaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba kwa sauti ya chini, sauti ya watu wenye jambo. Wanaume wakakaa kwenye benchi. Bibi akapita, akakaa kitandani, ubavuni mwa mgonjwa, akamwekea mkono begani.

Mama yule aliwatazama mmoja mmoja. Akautazama mkono wa bibi. Akanitazama mimi, na sindano.

"Binti yetu," akaanza mzee wa koti, "umekula?"

"Msiendelee," akasema. "Mmekuja kunibikia mtoto wangu."

Hapo niliona kila kitu kwa pamoja, na nilikuwa nimechelewa. Mzee angesema hapana, yangeisha. Lakini mzee alikuwa amejiandaa kwa safari ndefu, na haraka haraka haina baraka, akafanya alivyozoea. Akasema, "Tulia kwanza, mama. Tulia. Kila jambo na wakati wake."

Loo. Hata angemsukuma kwa mikono miwili asingemwangusha hivyo. Pumzi ikaanza kukoroma, midomo ikageuka rangi ya majivu, povu jekundu-jekundu likatoka pembeni mwa mdomo. Nilishika mkono wake na mapigo hayakuhesabika, yalikuwa yanakimbia na kujikwaa. Nikamchoma ile sindano huku napiga kelele kwamba mtoto yuko hai, yuko hai, yuko hapo jikoni. Akatikisa kichwa. Hakuniamini hata kidogo, na kwa nini aniamini? Ndivyo wanaobika wanavyosema siku zote mwanzoni, yuko hai, anaumwa tu.

Nilimwachia matroni barakoa ya oksijeni, nikatoka mbio. Jikoni mtoto alikuwa anakula kiazi. Sikusalimia mtu. Nilimbeba kwapani na kiazi chake, nikapita naye katikati ya wodi ya wanawake wote wakitazama, nikamtua juu ya kitanda cha mama yake.

Mtoto akamtazama yule mwanamke aliyevimba, mwenye barakoa usoni. Akamtazama sana. Nikafikiri, Mungu wangu, hamjui, na akisema hamjui tumemaliza kazi.

"Mama," akasema, "umenenepa."

Sijui kama nilicheka au nililia. Matroni alilia, huyo nilimwona. Mama akamvuta mtoto mpaka kiazi kikasagika kati yao. Dawa ilianza kufanya kazi, maji yakatoka, mkoromo ukapungua. Nilikaa nimeshika mkono wake mpaka nikaweza tena kuhesabu.

Wazee walikuwa wamesimama ukutani kwa aibu. Walipoona hali imetulia wakaanza kunyata kuelekea mlangoni, na mimi nilikuwa nimewaandalia maneno yao huko nje. Mama akaondoa barakoa.

"Wazee, mnakwenda wapi?"

Mzee wa koti akasema, "Tumekukosea, binti yetu. Hatukuja na msiba."

"Kaeni," akasema. "Mmeshakuja. Nibikieni baba wa mtoto."

Nilidhani hewa ndogo imemvuruga akili. Nikainama, nikamwambia kwa upole ambao sina kawaida nao, "Mama, hayo si uliyaona mwenyewe? Mwenye macho haambiwi tazama."

"Niliona, dada," akanijibu. "Lakini sikuambiwa. Hakuna mtu aliyekuja akakaa."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kwa lile povu. Miezi yote ile nilikuwa namlinda mlangoni na fimbo ya maneno, namfukuzia kilio, na kumbe kilio ndicho alichokuwa anakingoja. Nikamtazama matroni ili aseme hapana, maana amri ya daktari ilikuwa wazi. Matroni akatazama chini. Nami nikaikamata tena mishipa ya mkono wa mgonjwa, nikasema moyoni, moyo huu sasa unasimama, unasimama mikononi mwangu mtoto akiona.

Wazee wakarudi kwenye benchi. Mzee wa koti akajifuta uso, akaanza upya kabisa, kama ndiyo kwanza wanaingia. Wakamsalimia. Akaitikia.

"Binti yetu, umekula?"

"Nimekula."

"Mvua imenyesha kwenu?"

"Imenyesha."

Walikwenda hivyo, hatua kwa hatua, juu ya mashamba ambayo sote tulijua hayana mtu, mpaka wakamfikia yule mwanamume. Hawakuwahi hata kumjua vizuri. Lakini walimtaja jina, na la baba yake, wakasema alikuwa mtu wa kufanya kazi, wakasema hayupo. Bibi akamkaza mabega. Na mama akalia.

Alilia kwa sauti ambayo sikujua kifua chake kinaweza kuitoa. Nilihesabu. Nilingoja mapigo yakimbie, yajikwae, yakatike. Hayakukimbia. Yalikuwa yanapungua, yanakaa sawa, pigo na nafasi yake, pigo na nafasi yake, mpaka nikadhani saa yangu imeharibika, nikamwomba matroni ahesabu na yeye. Akahesabu, akanitazama mdomo wazi.

Sitadanganya kwamba kilio kilimponya. Valvu ilibaki vilevile, na alipotoka kwetu alitoka na mfuko wa vidonge, akishika mkono wa binti yake. Baadaye watu walirudishwa kwao, na sijui moyo ule ulimfikisha wapi. Ninachojua ni kwamba siku ile, alipomaliza kulia, aliniomba niondoe blanketi moja mgongoni. Kisha nyingine. Akalala chini kuliko alivyowahi kulala kwetu, mtoto miguuni pake, na pumzi haikupanda.

Wazee wakaaga. Niliwafungulia mlango, maneno yangu yote ya hasira yameniyeyuka, na hatukuweza kupita.

Wanawake wa wodi walikuwa wamejaa pale nje. Wamesimama, wenye vidonda, wenye homa, wenye watoto mgongoni, na mmoja ameng'ang'ania mlingoti wa dripu. Walikuwa wamesikia yote. Aliyekuwa mbele, bibi mwembamba aliyekuwa akilala sakafuni na hajasema neno tangu aletwe, akamshika mzee mkono wa koti.

"Baba," akasema, "mkishatoka hapo, piteni na kwangu."

Na wa nyuma yake akasema na kwangu. Na mwingine.

Mzee alinigeukia. Alikuwa ananiuliza mimi, mlinzi wa mlango, kama anaruhusiwa. Nilirudi chumbani, nikalichukua lile benchi, nikalipeleka wodini, nikaliweka kando ya mkeka wa yule bibi mwembamba ili wazee wapate pa kukaa.