Karatasi ya Matundu ya Deolinda

Shangazi yangu Hermínia alirithi vitu vitatu kwa mama yake: kiti kifupi, brashi za manyoya ya punda, na hasira. Amepaka rangi sahani hapa Redondo, mji wetu wa wafinyanzi, miaka arobaini na minne. Mama yake, Deolinda, alipaka hamsini, katika karakana ambayo mwenye mali hakuruhusu mchoraji kuandika jina lake. Nyuma ya kila sahani ulipigwa muhuri wa mwenye karakana, basi.

Machi iliyopita makumbusho ya mji yalifungua maonyesho ya sahani zenye picha za wanamuziki. Daktari Sarmento, mtaalamu kutoka Lisbon, alikuwa amezichunguza mwaka mzima. Alikuwa na kifaa cha miale cha kupima rangi bila kuikwangua, akajua kahawia imetoka kwenye madini gani na kijani kwenye madini gani. Nyuzi za kila gitaa alizihesabu.

Shangazi alivaa koti lake la misa. Tulipofika kwenye sahani ya mpiga gitaa aliyekaa kwenye kiti cha nyasi, alisimama. Hakuwa na miwani, akaniambia nimsomee kibao cha maelezo kando yake.

Nilisoma polepole. "Mchoraji hajulikani. Mwanamuziki anapiga kwa mkono wa kushoto kwa sababu karatasi ya kunakilia iligeuzwa. Inaelekea mchoraji hakuujua muziki."

"Rudia."

Nilirudia.

"Hajulikani!" Watu waligeuka. "Mama yangu ameoshwa na kuzikwa na mji mzima, leo hajulikani! Wewe Daktari, njoo hapa!"

Alikuja na glasi ya divai mkononi, akitabasamu. "Naam, bibi?"

"Bibi yako yuko kwenu. Nani kakwambia karatasi iligeuzwa?"

"Ni kosa la kawaida, mama. Karatasi inatobolewa kwa sindano, inapigwapigwa kwa kifuko cha vumbi la makaa. Ukiigeuza, picha inatoka kinyume."

"Ananifundisha kutoboa karatasi huyu! Huyu kwenye sahani ni baba yangu Bento, alikatwa vidole viwili vya kushoto na mtambo wa kusaga udongo. Angebana nyuzi kwa nini, kwa meno? Aligeuza gitaa. Akabana kwa kulia, akapiga kwa kushoto."

"Hadithi nzuri," alisema Daktari, "lakini sayansi inahitaji ushahidi."

Nikadhani shangazi atampiga. Badala yake alifungua mkoba, akatoa bati la biskuti, na ndani yake karatasi ya kunakilia ya mama yake, iliyokunjwa mara nne, nyeusi upande mmoja.

"Leta kidole. Upande huu wenye makaa. Unahisi nini?"

"Laini."

"Geuza."

Kidole cha Daktari kilikwama. Nyuma palikuwa na vinundu, tundu kwa tundu.

"Sindano inaingia upande wa mchoro, palipo laini, inatokea palipo na vinundu. Makaa yako upande gani?"

Daktari aliiweka karatasi juu ya kioo kilichofunika sahani. Kila tundu likalala juu ya mstari wake, mpaka mkono wenye vidole vitatu, ambao yeye alikuwa amedhani umepungukiwa vidole kwa rangi kubanduka.

"Iliwekwa sawasawa," alisema mwishowe, masikio yakiwa mekundu. "Mwaka mzima nimeangalia, mama. Nisamehe."

"Samahani haisomeki ukutani. Andika."

Alitoa kalamu, akafuta kibao kizima kwa mistari miwili, akaandika pembeni. Shangazi alinisukuma nisome.

"Bento Caeiro, mpiga gitaa. Amechorwa na mkewe."

Nilitamani ningesoma kitu kingine.

"Mkewe!" Shangazi alipiga kiganja kwenye kioo hadi mlinzi akaja. "Mkewe nani? Hana jina? Bento kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti! Andika Deolinda. Deolinda Caeiro, kwanza, juu. Halafu huyo wa kitini mtie chini, kwa herufi ndogo."

Aliandika. Shangazi alisubiri wino ukauke, kisha akaichukua karatasi yake.