Bima ya Mama Mkubwa

Tulihamia Babati mkoa wa Manyara ulipokuwa bado mchanga, umetoka tu kumegwa Arusha, wakati vibao vya baadhi ya ofisi vilikuwa bado vimeandikwa Arusha. Mume wangu alikuwa dereva wa serikali. Alipewa uhamisho kutoka Singida, nami nikamfuata na watoto wawili na cherehani yangu. Tulipanga mtaa wa Nangara, nyumba ambayo mahindi ya mwenye nyumba yalifika mpaka dirishani. Kila wiki mjini walishuka wageni wengine: makarani, walimu, mafundi ujenzi, watu wa madini. Wote walihitaji mapazia. Nikakodi kibaraza karibu na stendi, nikashona mapazia mpaka mgongo ukawa unaniuma nikiwa nimelala.

Kazi ilinizidi, nikataka cherehani ya pili, na hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye mikopo. Kampuni yenyewe ilikuwa imepanga ofisi nyuma ya duka la mabati. Walikopesha vikundi vya wanawake watano watano. Marejesho yalikuwa kila Jumatano, na asipolipa mmoja, wanalipa waliobaki. Kikundi chetu kilikuwa na mimi, na jirani yangu wa kibaraza aliyeuza mitumba, na dada wawili wa tumbo moja waliouza samaki wa ziwani. Wa tano alikuwa mama mmoja mwenyeji wa kijiji cha Singe, muuza maharage, ambaye sote tulimwita Mama Mkubwa kwa sababu alituzidi sana umri.

Huyu mama nilimpenda. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti nzito kama ya mwanamume, na Kiswahili chake kilipita kwanza kwenye lugha ya kwao kabla hakijatufikia. Alinunua maharage kwa wakulima wenzake, akayachagua yeye mwenyewe punje kwa punje, akayauza sokoni bila kuweka mawe chini ya gunia. Wateja walimjua kwa hilo. Alitaka mkopo ili anunue mengi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Mumewe alikwishafariki, na nyumbani aliishi na binti yake aliyeachika na wajukuu.

Siku ya kupokea fedha, afisa mikopo alituketisha kwenye benchi. Alikuwa kijana mpole, shati limenyooshwa, anaamkia kila mtu. Akatueleza kwamba kwenye fedha zetu kutakuwa na makato ya bima.

Rafiki yangu wa mitumba akauliza, "Na asiyetaka bima?"

"Asiyetaka bima hapati mkopo, mama. Ndiyo utaratibu."

Mama Mkubwa akainua mkono. "Hiyo bima ni kitu gani?"

"Bibi, ni hivi. Mungu aepushie mbali, lakini ukifariki kabla hujamaliza kulipa, deni linakufa pamoja na wewe. Watoto hawadaiwi. Wenzako hawadaiwi."

"Hata mimi niliyezeeka hivi?"

"Kwani una miaka mingapi, bibi?"

"Sijui miaka. Uhuru ulipokuja nilikuwa nimezaa mara tatu."

Kijana akacheka, sote tukacheka. "Basi wewe ndiye bima inakufaa kuliko hawa," akamwambia. Akamsogezea wino, naye Mama Mkubwa akaweka dole gumba.

Nilikuwa nimekaa karibu naye kabisa. Yale maneno niliyasikia kama ninavyomsikia mtu ananiambia nipunguze pazia.

Mama Mkubwa aliipenda ile bima kuliko sisi sote. Sisi tuliiona kama fedha iliyochomolewa mfukoni, lakini yeye aliizungumza sokoni kama mtu anayesimulia habari za mwanawe aliyepata kazi. Alikuwa na hofu moja tu maishani, kuacha deni. Mumewe alikuwa amemwachia deni la ng'ombe, na aliwahi kunisimulia jinsi wanaume walivyokuja kudai huku yeye bado amevaa nguo za msiba. "Mimi watoto wangu hawatayaona hayo," alisema. "Nimeshalipia."

Mkopo wa kwanza aliumaliza. Wa pili alikuwa amefika kama nusu, masika yakaja, akashikwa na kifua. Nilikwenda Singe kumwona pamoja na jirani yangu. Barabara ilikuwa tope tupu, tukavua viatu. Tulimkuta amelala kando ya moto, amekuwa mdogo. Aliongea kwa shida. Alituomba radhi kwamba Jumatano ile hatakuja kwenye marejesho, na tukamwambia asiwaze marejesho. Akasema hawazi, na kwamba hata akifa tusiwe na wasiwasi, yeye hatatutia hasarani. Jumapili iliyofuata akafariki.

Tulimzika kwa heshima. Kanisa zima la Singe lilikuja, na watu wa sokoni walichanga sanda na sukari. Yule afisa mikopo naye alikuja na baiskeli, akashika mkono wa binti, akampa pole. Binti akamwambia, "Mama alituachia maneno juu ya ile bima."

"Msiwe na wasiwasi," akajibu. "Tutalishughulikia."

Jumatano ya pili baada ya mazishi, tukiwa kwenye benchi, yule kijana alitutangazia kwamba makao makuu Arusha wamekataa. Hakueleza sababu. Alisema tu kwamba bima ina masharti yake, na kwa sasa deni la marehemu liko juu ya kikundi.

"Lakini ulisema deni linakufa," nikamwambia.

"Mama, mimi ni mtumishi tu. Maamuzi yanatoka juu."

Wale dada wauza samaki wakaanza kulia. Mkubwa wao alikuwa mjamzito. Jirani yangu akapiga kelele kwamba hatalipa hata senti, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama asipolipa watamnyima mkopo ujao. Jibu lilikuwa ndiyo. Tukalipa ile wiki, na wiki iliyofuata tukalipa tena.

Sijui nani alipeleka habari Singe. Siku moja asubuhi binti wa Mama Mkubwa alikuja kibarazani kwangu, kanga ameifunga kichwani mpaka kwenye nyusi. Akatoa fedha kwenye kitambaa.

"Tumeuza dume," akasema. "Lile la kulimia."

"Na mtalima na nini?"

"Tutaazima." Hakuwa akilia. "Mama alisema hamtapata hasara kwa ajili yake. Chukueni, mgawane mlichotoa, na kilichobaki mkampe yule kijana."

Nilimwambia arudishe zile fedha, aende akanunue tena dume lake, sisi tutapambana. Akakataa. Aliondoka haraka, kama mtu aliyekuja kufanya jambo la aibu, na ile aibu haikuwa yake. Deni la Mama Mkubwa likalipwa lote, hata faini ya kuchelewa.

Baada ya hapo sikuweza kunyamaza. Mume wangu alinisihi. Aliniambia sisi ni wageni hapa, nisijitafutie maneno. Lakini kila nikikaa kwenye cherehani nilimwona yule mama akipaka wino kwenye kidole chake huku anacheka.

Nafasi ikatokea pale bosi wa kampuni alipokuja kutoka Arusha kukagua ofisi. Nilifunga kibaraza, nikaenda kukaa kwenye benchi tangu asubuhi. Walinipita, wakala chakula cha mchana, wakarudi. Mwishowe akaniita. Alikuwa mwanamama wa makamo, mwenye lugha nzuri, na mpaka leo sijui kama nimshukuru kwa kusema kweli au nimchukie kwa jinsi alivyoisema bila kupepesa macho.

"Mama, bima ile mwisho wake ni miaka sitini," akasema. "Marehemu alikuwa amepita. Hakuwa na bima."

"Lakini mlimkata fedha. Mara mbili."

"Hilo ni kosa la kiutendaji."

"Alimwambia kijana wenu umri wake. Mimi nilikuwepo."

Akamgeukia afisa mikopo aliyekuwa amesimama mlangoni. Kijana akatazama viatu vyake.

"Na sisi wengine?" nikauliza. "Mbona tuliambiwa bila bima hakuna mkopo?"

Yule bosi akanigeukia tena. "Bima ni hiari," akasema. "Siku zote imekuwa hiari."

Nilidhani nimesikia vibaya, nikamwomba arudie, akarudia. Siku zote imekuwa hiari. Maofisa walikuwa wanapewa kitu kidogo kwa kila aliyekatwa bima, ndiyo maana hawakutuambia. Hilo la mwisho hakulisema yeye, nilikuja kuambiwa na mhasibu wao alipoacha kazi. Yeye alisema tu kwamba anayeona alikatwa bila ridhaa yake aandike kuomba kurudishiwa, na kwamba mimi nimefanya vizuri kufika ofisini kwa utaratibu.

Nikaandika kwa niaba ya wote, pamoja na Mama Mkubwa. Nilikwenda na kurudi pale ofisini mpaka mlinzi akawa ananiuliza habari za watoto. Mara mhusika yuko semina. Mara wanasubiri simu ya Arusha. Wateja wangu wa mapazia walikwenda kwa fundi mwingine, na sikuwalaumu.

Mvua za vuli zilipoanza, tuliitwa. Nilivaa gauni langu la kanisani. Afisa mikopo akatuambia kwa furaha kwamba maombi yetu yamekubaliwa, kila mmoja atarudishiwa fedha zake zote za bima. Atakayetaka fedha mkononi atasubiri hundi. Atakayetaka leo leo, zitaongezwa kwenye mkopo mpya, mkubwa kuliko wa mwanzo.

"Na Mama Mkubwa?" nikauliza.

"Yule warithi wake waje na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Hatuwezi kumpa mtu fedha ya marehemu hivi hivi."

"Fedha ya dume mliipokea hivi hivi."

Nilipogeuka kuwatazama wenzangu ili waniunge mkono, jirani yangu wa mitumba alikuwa amekwishachangamka, anauliza mkopo mpya ni kiasi gani. Wale dada walikuwa wamemsogelea mezani. Nikamsikia kijana akiwaambia kwamba mkopo mpya nao una bima, ni hiari kabisa, lakini wenye bima wanapitishwa haraka zaidi. Wote watatu wakaichukua.

Nje nilimshika jirani yangu mkono. "Umesahau Singe? Umesahau tulivyovua viatu kwenye tope?"

Akautoa mkono wake. "Sijasahau. Lakini mimi sina mume mwenye mshahara. Nina watoto watatu wanataka ada Januari. Wewe ulitaka nini hasa? Tumerudishiwa. Umeshinda. Sasa unataka na sisi tufe na njaa kwa ajili ya marehemu?"

Alikuwa na haki yake. Tuliendelea kupakana vibaraza kwa miaka, tukiazimana mkasi na kibiriti, lakini hatukurudi tena kuongea kama watu.

Nilikwenda Singe kumweleza binti habari za mahakama. Nilijitolea kumsindikiza. Alinikaribisha uji, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akahesabu kwa sauti: kikao cha ukoo, kaka yake aitwe kutoka Dareda, cheti cha kifo, nauli za kwenda mahakamani na kurudi, siku za shamba zitakazopotea. Shamba lenyewe mwaka ule walikuwa wamelilima kwa jembe la mkono, na nusu yake ilikuwa pori.

"Dada, waache wazile," akasema. "Usirudi tena kuhangaika. Ukija hapa na habari hizi, ninamzika mama upya."

Sikurudi. Hundi yangu ilikuja baada ya Krismasi. Haikuwa fedha nyingi. Iliingia kwenye unga na mafuta ya taa, ikaisha, na katika nyumba yetu hakuna aliyeizungumzia.

Miaka michache baadaye kampuni ile ilifunga ofisi na kuondoka Babati. Yule kijana hakuondoka nayo. Alipata kazi nzuri mahali pengine hapa hapa mjini, akajenga, akaoa. Mara ya mwisho nilikutana naye nje ya kanisa. Amenenepa, amemshika mtoto wa kike mkono. Akaniona, akaja moja kwa moja, uso umejaa furaha ya kweli, akainama kidogo mbele ya watu wote.

"Shikamoo, mama."

Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia kwa miaka mingi, nikiwa kwenye cherehani, nikiwa jikoni. Watu walikuwa wanatutazama. Mtoto wake naye alikuwa ananitazama, akisubiri zamu yake ya kuniamkia.

"Marahaba," nikasema.

Akaniuliza habari za biashara. Nikamwambia nzuri.